Lailaki Yangu Yamsubiri Mama Mkwe

Jumamosi, 12 Aprili 2025
Theluji imeisha hapa Champlin, Marekani. Mama mkwe anatua Mei 23. Tangu Krismasi nimemsifia kwa simu kichaka changu cha lailaki: maua ya zambarau, harufu hadi barabarani! Atapigwa picha kando yake awatumie kina mama wote wa kanisa lake Limuru. Heshima yangu yote iko kwenye kichaka kimoja.

Leo nimekipogoa. Nimekulia kwenye majani chai, kazi naijua. Kata hadi kiunoni, sawazisha juu kama meza, kitachipua maradufu. Jirani yangu Griffins, Mkenya mwenzangu wa pande za ziwani, alichungulia juu ya uzio akauliza kichaka kilichonyolewa hivyo kimeandikwa jeshi lini. Nikamjibu kwamba watu wa ziwa hawajui kupogoa. Wivu tu.

Jumapili, 18 Mei
Majani tele. Maua: sifuri! Cha Griffins kimegeuka zambarau chote. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba lailaki hufunga vichipukizi vya maua tangu mwaka uliotangulia, hivyo hukatwa mara tu maua yanapokwisha. Yaani Aprili niliyakata yote mwenyewe. Mbona hakuniambia? Akasema watu wa ziwa hawajui kupogoa.

Alhamisi, 22 Mei
Griffins amekubali kunipa matawi thelathini yenye maua. Sharti: nimwondolee theluji Januari nzima. Mnyonyaji! Nimekubali.

Ijumaa, 23 Mei
Alfajiri nimeyafunga matawi kwenye kichaka kwa uzi mweupe wa cherehani. Mke wangu Wanjiku akasema yeye hayumo, akaenda zake uwanja wa ndege.

Walifika saa tisa. Jua kali. Maua yalikuwa yananing'inia kama soksi zilizoanikwa. Mama akavuta tawi anuse. Likaja lote, na uzi wake. Nikasema hii ni aina ya Kimarekani. Akauliza, Baba Mumbi, kwani Marekani maua hushonwa kama vifungo?

Kisha akaona nilivyokata. Amechuma chai miaka thelathini. Akasema chai hukatwa kwa sababu tunataka majani. Mimi nilitaka kuchemsha hiki? Akacheka hadi akashika uzio. Picha akapigiwa kwa Griffins. Limuru wameandikiwa kwamba mkwe wake ana jirani hodari sana.

Jumapili, 25 Mei
Mama amenisamehe. Amenionyesha mashina machache ya zamani ya kuondoa, mengine yaachwe kabisa. Atarudi Mei ijayo kuona maua yangu mwenyewe, na ndipo atakapowaandikia Limuru upya. Nafasi ya mwisho!

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa utulivu. Lilikuwa moja tu: uzi mweupe. Mwakani ni waya wa kijani. Na maua ya plastiki, hayanyauki. Nimeshaagiza matawi mia mbili. Kuhusu harufu, Wanjiku ana marashi.