Vifaa vya Waya za Fensi

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kiwanda kimepata mmiliki mpya, naye hanitaki. Nimepunguzwa. Eti ubinafsishaji. Mke wangu Eufrazia hakunipa hata pole. Kasema niende kwa Castory, mfua vyuma, nikamvukutie mivukuto. Castory! Tulisoma darasa moja, hesabu nikimfanyia mimi. Bora nife.

Jioni bahati ikaja. Jirani yetu Pili anampikia Mjerumani mmoja kule Mzumbe. Kasema bosi wake anatafuta fundi wa kumtengenezea vifaa vidogo vya kurekebishia waya za fensi. Nani asiyejua seng'enge? Nikiipata tenda hii, mivukuto atavukuta mwingine.

Jumatano, 5 Juni
Nimemaliza. Kikaza waya cha springi ya Landrova, mpini wa mpingo. Kukinyanyua ni shughuli ya wanaume wawili. Castory kapita, kauliza kama hiyo fensi nimeiona. Nikamwambia wivu utamuua. Eufrazia naye kauliza hivyo hivyo. Nikamjibu, ila kwa sauti ya chini.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu tupu. Nimeitafuta fensi uani kwa Mjerumani, kuna michongoma tu. Mwenyewe katoa upanga. Mwembamba, hauna makali, una mfereji mgongoni, na ndani ya mfereji kuna waya kama unywele, umebandikwa kwa gundi. Pili akanifafanulia: ni mchezo. Watu wazima wanavaa chujio usoni, wanachomana tumboni, waya unawasha taa. Huo mchezo ndio fensi.

Mwenye akili angeaga. Mimi nikasema kikaza changu ni cha kazi hiyo hiyo. Nikaubana upanga, nikakaza. Ta! Vipande viwili. Mjerumani akaviokota. Aliyesema ni Pili, na maneno yake siyaandiki.

Jumapili, 9 Juni
Kazi kapata Castory. Aliomba kwanza auone upanga mwingine. Kampelekea kindoano cha ujiti wa mwavuli, cha kukwangulia gundi ya zamani, na upinde wa mwanzi wa kuushikilia upanga mpaka gundi ikauke. Basi. Takataka hizo Mjerumani kazipenda! Kesho naanza kuvukuta, na roho inaniuma kweli. Eufrazia kapika wali.

Lakini ni kwa muda tu. Leo kanisani nimesikia kuna ofisi mjini imeleta kompyuta, na mausi yake inawasumbua. Wanatafuta fundi. Kiingereza ninacho: huyo ni panya. Mtego wangu umebaki mlango tu.