Ulezi Uliolindwa kwa Kikopti

Jumanne, 4 Desemba 1906
Pankrasi, andika. Wewe katekista una kalamu, mimi nina mdomo tu. Nimechoka. Vita imekwisha, njaa ndiyo kwanza inaanza. Tunachimba ming'oko, mizizi ya porini. Mbegu ya ulezi imebaki kibuyu kimoja. Ikipotea hiyo, wajukuu wangu watatu nitawazika. Na kukaa dunguni kufukuza ndege siwezi tena. Magoti haya! Yaliharibika tangu ile harusi ya… basi, acha. Nina mpango.

Jumatano, 5
Nimekwenda kwa Jirjisi, mpishi wa boma la Wajerumani, aliyekuja na askari kutoka Misri. Huyu anasali kwa Kikopti. Anasema ni lugha ya Farao iliyozeeka, hata mama yake sokoni haisemi, imebaki kanisani tu. Nikafurahi! Maneno ya yale maji ya vitani, ya kugeuza risasi, kila mtu aliyasema, yakachakaa. Haya hayajatumika! Nikamwomba ayaseme shambani kwangu, ndege wasiguse mbegu. Akasema bibi, mimi mpishi, haya ni ya kumshukuru Mungu tu. Nikampelekea mizigo miwili ya kuni. Akakubali.

Alhamisi, 6
Nimemwaga mbegu yote. Jirjisi kazunguka shamba akiimba, kaondoka haraka. Jirani yangu Mwanne, dunguni kwake, akauliza kama ndege wa Songea nao wamesoma Misri. Mwanamke huyu! Ndiye aliyenipeleka kunywa yale maji, leo anajifanya ana akili. Nikaenda kulala. Mchana kutwa!

Jumamosi, 8
Wamekula yote. Kanga wa porini, tetere, na wengine nisiowajua. Wamefukua kama wamealikwa. Nimekaa chini kwenye udongo, machozi hayatoki. Jirjisi anasema alinionya. Kweli alinionya. Ndicho kinachoniudhi.
Jioni Mwanne kaleta nusu kibuyu cha mbegu yake. Kasema chukua dada, lakini uape utakaa dunguni. Nimeapa. Wajukuu walikuwa wananitazama.

Jumatatu, 10
Nimepanda. Nimekaa dunguni tangu alfajiri. Jirjisi kapita, kanipa pole, kasema Kikopti chenyewe ni mtoto tu. Mama yake ni lugha ya kale zaidi, imechongwa kwenye mawe kwa picha. Picha gani? Bundi, tai, kifaranga. Ndege! Pankrasi, lugha imejaa ndege, watakataaje kuisikia? Kasema hakuna aliye hai anayejua kuisema. Vizuri! Haijachakaa hata kidogo. Nimembembeleza anichoree picha hizo kwenye ubao niusimamishe shambani, kakubali. Nimeshuka dunguni, naenda kumtafutia kuni. Mwanne anapiga kelele huko. Usimjibu.
Tetere wametua wawili tu. Wadogo.