Kimaiki cha Mama Mkwe

Jamani, mie leo nimejivua nguo mwenyewe, tena ukweni.

Nilikwenda Madale kujitambulisha kwa kina Salha, mchumba wangu. Suruali ya kuazima kwa braza Hamisi (yeye mwembamba, mie mwalimu wa shule ya bweni, nakula ugali wa bure). Baba yao marehemu, kwa hiyo anayeamua ni mama, Bi Zuhura. Salha alishanionya: "Jibu utapewa leo leo, baada ya kula."

Sasa huyu mama alikuwa haskii miaka sita. Haskii kabisa! Jirani anapiga singeli madirisha yanatetemeka, yeye anapeta mchele wake. Mwaka huu madaktari wakampandikizia kidude ndani ya sikio. Nje kuna kingine, duara kama kifungo cha koti, kinanata kichwani kwa sumaku chini ya mtandio. Anasema mwanzoni watu wote walisikika kama bati. Sasa anasikia mpaka kijiko kikigusa kikombe. Mie nilikaa namtazama mdomo wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Feni na maneno ya watu vinanichanganya. Bana hiki hapo shatini, nikusikie wewe tu."

Kimaiki kidogo, kama kibanio cha nguo. Nikabana. Mjomba Sefu akaanza maswali, kabila, kazi, tabia. Nikajibu kama malaika. "Mpira? Hapana mjomba, mie siangaliagi." (Mungu anisamehe.)

Likaja biriani. Nikala sahani mbili. Suruali ikaanza kulia. Nikaomba choo, kiko uani, nikafunga mlango, nikampigia Hamisi.

"Braza, mpaka sasa mambo safi. Ila hii suruali yako itaniua, nimefungua kifungo tangu sahani ya kwanza!"

"Msosi vipi?"

"Weee! Chumvi ya kukaushia papa! Nimekula tu, ningekataa ningefukuzwa. Na huyu mjomba anahoji kama polisi. Niwekee nafasi kibanda umiza, mechi ya leo siikosi."

"Na mama mwenyewe?"

Hapo nikaishiwa utani. "Namuogopa braza. Salha nampenda, sina mpango mwingine. Huyu mama akinikataa, nitakuwa mgeni wa nani mie?"

Nikakata simu. Nikamaliza kilichonipeleka, tena kwa kuimba. Nikajikaza, nikafunga kifungo, nikarudi sebuleni.

Salha kajifunika uso na mtandio, mabega yanatikisika. Mjomba Sefu anatazama dari. Bi Zuhura anafuta machozi.

"Mwanangu," akasema, "kifungo kimekubali?"

Nikajitazama kifuani. Kimaiki bado kipo! Kitaa cha kijani kinawaka, hakina habari. Yaa Rabi! Kumbe hicho kimaiki kinapeleka sauti moja kwa moja sikioni kwake, hata nikiwa uani, hata mlango ukiwa umefungwa. Na yeye alikuwa anawatangazia wenzake neno kwa neno, kama mtangazaji wa redio. (Mpaka wimbo. Mpaka maji.)

"Mama, nisamehe..."

"Kaa chini. Biriani nimepika mimi. Wote humu wanalisifia." Akamgeukia mjomba. "Sefu, lina chumvi?"

Mjomba akakohoa. "Kidogo, dada."

"Kidogo?"

"Nyingi, dada."

"Haya! Niko na masikio mapya na bado mnanificha!" Akacheka mpaka pini ya mtandio ikachomoka, ikaenda kunasa kwenye ile sumaku. Salha akamchomolea taratibu. Mie jasho linanitiririka, nasubiri kufukuzwa.

Kisha akanitazama, hacheki tena. "Miaka sita watu walinong'ona habari zangu nikiwa nimekaa katikati yao. Nilikuwa naona midomo tu. Leo nimesikia mtu anamtaka mwanangu, na hakujua kama namsikia." "Umeuliza utakuwa mgeni wa nani. Utakuwa mgeni wangu. Mpira utaangalia hapa hapa na mjomba wako. Na biriani la posa utapika wewe."

Salha akalia. Nami nikalia, na kifungo kikaruka mpaka chini ya kabati.

Sasa niko kwenye bodaboda narudi Gongo la Mboto, shati nimeliachia nje. Chekeni, ila polepole. Kimaiki nimekisahau, bado ninacho kifuani.