Bukta Nyeupe za Timu Yetu

Jumatatu, 6 Mei
Bukta mpya za wasichana zimefika kwa meli kutoka mjini Suva. Nyeupe pe. Nimezichagua mwenyewe, timu yetu ya raga ionekane ya watu wenye adabu. Wasichana wakazitazama, wakatazamana, wakaondoka. Nikadhani ni shukrani. Jioni mke wangu Ateca akaniambia watano hawachezi mechi ya Jumamosi. Siku zao zinaangukia hapo hapo. Akaanza kuniambia alichosema Laisani, nahodha wao. Nikamkatiza. Laisani ni binti wa baba mdogo, yaani dada yangu, na kwetu mtu hasemezani na dada yake, sembuse mambo ya hedhi. Ila hali ni mbaya. Tusipopeleka timu uwanjani, wazee wa kijiji wataikabidhi kwa Semisi wa ng'ambo ya mto, kaka yake Ateca. Bora nife.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata dawa! Vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi. Nimekwenda zahanati kumwomba nesi Vasiti pakiti tano, damu isubiri mpaka Jumapili. Akaniuliza kama nitavimeza mimi. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Aliyekwisha kuzoea vidonge anaweza kuruka safu ya mwisho isiyo na homoni, akaanza pakiti mpya, na mara nyingi damu haiji. Anayeanza leo kwa ajili ya Jumamosi haambulii kitu, labda kichefuchefu na matone ovyo ovyo. Tena kila mwanamke huja mwenyewe, akapimwa presha, akaamua mwenyewe. "Wewe kocha, kafundishe watu kutoa pasi." Nimeondoka na heshima yangu, kiasi kilichobaki.

Jumatano, 8 Mei
Siwezi kushindwa na nesi. Nimemeza kidonge kimoja cha Ateca, nijaribu mwenyewe. Cha safu ya chini, ili asigundue. Kufika mchana kifua kinawasha. Kwenye mazoezi ya kwaya, wimbo wa pili, nikalia. Homoni zimenivuruga kabisa. Nikala muhogo wa watu wawili. Ateca akagundua, akacheka mpaka akakaa chini. Safu ile haina dawa yoyote, imewekwa tu ili mtu asipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Nimemwambia mwili wangu ni mwepesi kushika.

Ijumaa, 10 Mei
Semisi kaja kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. Shemeji ni mtani wa halali, kwa hiyo lazima nivumilie. "Shemeji, nasikia umefungua kliniki. Mimba yako ina miezi mingapi?" Wote waliokaa nasi wakacheka, hata kasisi wa kijiji. Nikameza bakuli langu pamoja na hasira.

Alipoondoka, Ateca akanishika shati nisikilize. Ujumbe wa Laisani ni ule ule wa Jumatatu. Damu hawaiogopi, wamecheza nayo tangu shule. Wanachoogopa ni bukta nyeupe mbele ya kijiji kizima. Wapewe nyeusi, basi. Nimewaza sana. Haiwezekani shida kubwa hivi iwe na jibu dogo hivi. Nimekataa.

Jumamosi, 11 Mei
Wametoka wote uwanjani, na bukta nyeusi! Ateca na Laisani wamezichovya kwenye rangi, ndani ya sufuria yetu ya kuchemshia magimbi. Sikuulizwa. Laisani kafunga mara mbili, tumeshinda kumi na saba kwa kumi na mbili. Semisi kaondoka kabla ya yaqona, jambo ambalo sijawahi kuliona. Wazee wameniachia timu. Mmoja kanishika mkono, kasema nawajua wasichana wangu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimefurahi mno, nasema kweli.

Ateca anataka nipeleke shukrani kwa Laisani. Nitapeleka, kupitia mtu. Lakini ushindi huletwa na mipango. Jioni hii nimeagiza bukta za mwaka ujao. Nyeupe, maana hizi zimeharibiwa. Na safari hii vidonge kwa Vasiti nitavifuata mapema, mwezi wa kwanza.