Uji wa Daktari wa Nje

Saa tano na dakika kumi asubuhi, mtu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi alisimama nje ya lango la hospitali akiwatazama waliokuwa wakitoka kliniki ya saratani. Koti lilikuwa la kinyozi. Waliomfahamu walimwita Daktari wa Nje, kwa kuwa kazi yake yote aliifanyia upande huu wa lango. Upande wa pili walinzi hawakumtaka.

Bidhaa yake ilikuwa unga wa manjano kwenye kopo lenye picha ya jua. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi, bizari na vanila kidogo, vitu visivyomdhuru mtu. Kilichodhuru ni maelezo: mgonjwa aache nyama, mayai, maziwa na sukari ili "kuunyima ugonjwa chakula", anywe unga huo peke yake. Ushauri huo ulikuwa na faida moja tu, nayo ya kibiashara. Asiyekula kitu kingine humaliza kopo upesi.

Asubuhi hiyo jicho lake lilimwangukia mwanamke mtu mzima, kitambaa kichwani, gauni limemlegea mabegani. Gauni lilikuwa limeshonwa kwa ustadi mno, haikuwezekana liwe kubwa kwa kukosea kipimo. Mwenyewe ndiye aliyelishona. Mtaani kwake walimwita Mama Cherehani.

"Shikamoo, mama. Unakonda."

"Marahaba. Mizani nayo imeniambia hivyo hivyo, tena bure."

"Mizani inakuambia tatizo. Mimi nakuambia dawa." Akalitoa kopo kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto.

Mama Cherehani alilitazama kwa muda. Alikuwa ameliona kopo kama hilo saa moja iliyopita kwenye mfuko wa mzee mmoja mstaafu wa posta, jirani yake wa kiti cha dripu. Mzee alikuwa ameishi kwa unga huo tangu dozi yake iliyopita, na leo daktari alimpima, akatikisa kichwa, akaahirisha matibabu hadi apate nguvu. Yeye Mama Cherehani alipata dozi yake kwa onyo: akipungua tena, ijayo itasogezwa mbele. Uvimbe, daktari aliongeza, hausubiri mtu anenepe.

"Tuna kikundi humo ndani," alisema. "Watu thelathini na kitu. Mimi ndiye mwenyekiti."

Kikundi kilikuwepo. Uchaguzi wa mwenyekiti haujathibitishwa mpaka leo.

"Thelathini!" alisema Daktari wa Nje.

"Na kitu. Lakini hawaamini mdomo, wanaamini mizani. Baada ya wiki tatu napimwa tena. Nikiongezeka, nasimama mbele yao nakutangaza mwenyewe."

"Utaongezeka, mama. Nakuhakikishia."

"Basi maandalizi utafanya wewe. Binti yangu anafanya kazi mji mwingine, na mimi nikibandika sufuria tu, harufu inanitapisha."

"Hiyo ni sehemu ya huduma," alijibu, kabla akili haijaufikia mdomo.

Usiku akili ilifika. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba unga wake hauwezi kumnenepesha hata panya. Kesho yake akaja na pendekezo.

"Siku ya mizani, mama, weka vitu vizito mfukoni."

"Sista anatuvua viatu, koti, mpaka mkanda. Labda nivimeze hivyo vitu."

Ikabaki njia moja, ambayo hakuwahi kuitumia katika maisha yake ya kazi: ukweli. Alivua koti jeupe, akapita langoni bila mlinzi yeyote kumtambua, akabisha hodi ofisi ya mtaalamu wa lishe.

"Shangazi yangu yuko kwenye kemo," alisema. "Nataka aongezeke. Haraka."

"Anakula nini sasa?" aliuliza yule dada.

"Unga fulani. Wa kopo."

"Wa manjano?"

"Rangi sikuiangalia vizuri."

"Aachane nao. Ale mayai, samaki, maharage, maziwa. Uji umtilie karanga zilizosagwa na maziwa."

"Lakini si nasikia vyakula hivyo vinalisha ugonjwa?"

"Nani kakwambia?"

"Jamaa mmoja."

"Huyo jamaa yako ni hatari kuliko anavyojua. Dawa zinabomoa seli mbaya na nzuri pamoja. Sasa mwili ujijenge na nini, hewa? Mpe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili tatu. Ukimjazia sahani, atakata tamaa kabla ya kijiko cha kwanza. Na kila kitu kiive kabisa, kinga yake iko chini."

Daktari wa Nje aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mwanafunzi anayelipa ada.

Siku ya kwanza alikaangia vitunguu jikoni kwa Mama Cherehani, naye akakimbilia nje ameshika mdomo. Tangu hapo Daktari wa Nje akawa anapika nyumbani kwake, mtaa wa pili, na kuleta chakula kikiwa kimepoa na kufunikwa. Siku ya pili alileta mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na viazi. Mama Cherehani alionja, akaweka kijiko chini.

"Nahisi nimelamba msumari."

"Chumvi imezidi?"

"Kijiko, mwanangu. Dawa hizi zinafanya kila chuma kipige kelele mdomoni."

Akanunua vijiko vya plastiki kwa pesa zake. Vidonda vilipomtoka mgonjwa mdomoni, aliondoa pilipili na limau, akasaga samaki mpaka akawa laini kama uji wa mtoto. Unga wa manjano aliunyunyiza mara mbili, kwa sherehe, mbele ya mgonjwa. Mara ya tatu aliangalia sufuria yake ya uji, akaangalia kopo, akalirudisha mfukoni.

Kufikia wiki ya pili tabia yake ilikuwa imeharibika. Hakuonekana tena langoni. Alionekana sokoni akigombana na muuza karanga kwa sababu karanga zina unyevu. Bakuli likirudi nusu, alinuna.

"Uji una kasoro gani?"

"Hauna. Tumbo ndilo limejaa."

"Jana ulimaliza."

"Baba, kwani umekuwa mkwe wangu, unanihoji hivi? Nirudishie baada ya saa moja."

Aliurudisha. Mama aliumaliza.

Siku ya kliniki Mama Cherehani alipanda mizani bila viatu wala mkanda. Muuguzi alisoma, akasoma tena: ameongezeka kilo moja na nusu. Majibu ya damu yalikuwa mazuri pia. Daktari akasaini dozi.

Daktari wa Nje, bila koti jeupe, aliingia chumba cha dripu na katoni ya makopo begani na chupa ya uji mkononi. Wagonjwa walikuwa wameketi vitini, mzee wa posta akiwa wa kwanza mlangoni. Mtaalamu wa lishe alikuwa amealikwa na mwenyekiti. Mama Cherehani akasimama, kama alivyoahidi.

"Huyu ndiye aliyeninenepesha," alisema. "Makopo yake hayo hapo. Kabla hamjanunua, namuuliza swali moja. Mwanangu, unga wako ulinitilia mara ya mwisho lini?"

"Unga?"

"Huu wa kopo. Kwenye uji."

"Kwenye uji *ule*?" Daktari wa Nje aligeuka kwa hasira ya kweli, huenda ya kwanza katika biashara yake. "Mama, nisage karanga kwa mkono, nichemshe maziwa taratibu, halafu niharibu kila kitu kwa bizari na unga wa mahindi? Mimi si mwendawazimu!"

Maneno yalikuwa yameshatoka alipoyasikia mwenyewe. Kisha mzee wa posta alianza kucheka, na chumba kizima kikamfuata.

"Kumbe ndiye mpwa," alisema mtaalamu wa lishe. "Na ndiye yule jamaa."

Mzee alinyoosha kiganja. Daktari wa Nje alimrudishia pesa ya kopo bila kubishana. Mlinzi aliitwa, akamsindikiza hadi nje ya lango. Katoni ilibaki hospitali kama ushahidi.

Dripu ya Mama Cherehani ilianza kushuka saa tano na robo. Saa tano na nusu aliomba ile chupa ya uji, akammiminia mzee wa posta kikombe, na uliobaki akaunywa wote.