Plasta ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Mimi nimezaliwa na bahati, wala sioni haya kuiandika. Homa ikinikuta njiani hunipisha. Mafua yanazijua nyumba zote za mtaa huu, yangu yanairuka. Miaka yote nashona magodoro kwa sindano ndefu kama mkono wangu, kiwanda kizima kinaniita Fundi Sindano, na sijawahi kulala nyumbani kwa ugonjwa hata siku moja.

Leo meneja katukusanya kwenye ukumbi wa kushonea. Kesho anakuja nesi kuwachanja wafanyakazi, chanjo ya mafua makali. Bure, na halazimishwi mtu. Nikapiga makofi kuliko wote. Hasa hapo kwenye kutolazimishwa.

Jioni binti yangu kapiga simu. Ana kichanga cha wiki moja, mjukuu wangu wa kwanza, na bado sijampakata. Kasema asiyechanjwa hamshiki mtoto. Nikamkumbusha kwamba mimi ni baba yake mzazi. Kajibu ndiyo, baba, na wewe zaidi ya wote unajua kwa nini nasema hivi. Sijui anazungumzia nini! Uzazi unachosha kichwa.

Halafu kuna mkwe. Baba wa mume wake, mtunza stoo wa hapo hapo kiwandani. Katangaza mbele ya watu kwamba yeye ndiye babu atakayempakata mtoto kwanza. Thubutu!

Nimeamua. Mtoto nitampakata mimi kwanza. Na sindano hainigusi. Ile ya magodoro ni habari nyingine, ile naishika mimi, upande wa tundu.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya akili nyingi. Nimewahi kazini nikajiteua msimamizi wa foleni. Msimamizi hasimami kwenye foleni, anaipanga. Kiti cha kuchanjiwa nimekiweka kwa mikono yangu, nimekibana kwenye rundo la magodoro ili mtu akizimia asianguke mbali. Nesi kanishukuru. Mwanamke mpole, ila anafungua vile visindano huku anaongelea bei ya nyanya. Jasho likanitoka.

Nikapiga kelele asubuhi nzima. Sogea! Kunja shati! Acha woga, mwanamume mzima! Kila zamu yangu ilipokaribia nikamtanguliza mwingine, eti ana haraka. Watu wakasema nina moyo mkubwa. Kweli ninao, ulikuwa unadunda hadi masikioni.

Foleni ilipoisha nesi akanitafuta kwa macho. Nikakumbuka uzi umeniishia, nikatoka mbio.

Nyuma ya stoo nakutana na nani? Mkwe! Anatembea kajishika mkono wa kulia, kakunja uso kama mjeruhiwa wa vita. Begani plasta. Akaniuliza kwa upole wa kuudhi, mkwe, wewe tayari? Nikasema zamani, mkwe. Akasema pole, mkwe. Nikasema pole na wewe, mkwe. Kanipita! Yule anayepiga yowe akiona mjusi!

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza plasta zimejaa. Nimechukua moja. Nibandike wapi? Mtu makini habahatishi. Nimekumbuka ya mkwe ilikaa wapi hasa, nami nikaibandika papo hapo, mkono wa kulia, chini kidogo ya bega. Hata fundi wa kupima asingeona tofauti.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Naandika nikiwa chooni, mke wangu hataki kuniona.

Mimi na mke wangu tulikwenda kwa binti baada ya kazi. Mkwe alishafika, kakaa kwenye kiti cha karibu na mtoto, shati kakunja hadi shingoni. Nami nikakunja langu. Tukakaa hivyo, plasta kwa plasta, tunaulizana hali za maumivu. Mtoto kalala, mdomo kaukunja kama anataka kutoa hukumu. Mzuri, jamani! Kidole chake kizima hakifiki kucha yangu. Nikanyoosha mikono. Mkwe naye akanyoosha yake.

Akaingia mkwe wangu mdogo, mume wa binti, dereva wa lori la kiwanda. Kijana ana adabu sana, hanitazami usoni. Yeye alichanjwa jana, mkono wa kushoto bado anaubeba kama yai. Akatusalimia, akaziangalia plasta zetu, akakohoa. Akaangalia dari. Akakohoa tena. Mwishowe akauliza kwa heshima zote, samahani baba, hivi kile kiti cha jana nani alikipanga?

Mimi! nikasema. Kazi yangu ile! Nilikibana barabara, upande wote wa kulia umezibwa na magodoro, hata nzi hapiti.

Kijana akarudi kuangalia dari.

Binti akauliza sasa huo mkono wa kulia nesi aliupitia wapi. Nikamgeukia mkwe anisaidie. Mkwe kainamisha kichwa, jasho linamtiririka. Ndipo nikaelewa. Yeye hutumia mkono wa shoto! Kajibandikia kwa mkono huo, kwenye bega la kulia, naye hajachanjwa! Nimemwiga mwongo mwenzangu!

Binti hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Kamchukua mtoto, kaingia naye chumbani pamoja na mke wangu, kafunga mlango taratibu. Nyuma ya mlango nikamsikia anamwambia mama yake kwamba hana nguvu za kuuguza wawili, mtoto na babu yake. Nilitembea hadi nyumbani bila kujisifu hata mara moja.

Ijumaa, 7 Juni

Nesi karudi kwa waliobaki. Waliobaki ni babu wawili.

Nilikwenda. Andika hapo: nilikwenda kwa miguu yangu! Mlangoni nikamwambia mkwe atangulie, yeye mkubwa kwangu. Akasema hapana, mkwe, wewe ni baba wa mke, heshima yako iko juu. Nikasema siwezi kukuvunjia heshima, mkwe. Tukaheshimiana mpaka nesi akasema, wazee wangu, kuna watu wanataka kula mchana.

Nikakaa. Safari hii tulishikana mikono, mimi na mkwe. Nikafumba macho, nikamfikiria mtoto na ule mdomo wake. Nikahisi ubaridi begani, nikapiga yowe, ukumbi mzima ukaacha kushona. Nesi akasema hiyo ni pamba tu, baba. Nikiwa bado naona aibu ya pamba, akaniambia tayari, inuka.

Tayari! Sikusikia kitu! Mkwe ndiye aliyeanguka, tena kabla ya zamu yake. Kumbe kiti nilikipanga vizuri, kaangukia godoro, na hapo hapo kwenye godoro akachanjwa.

Kisha nesi akatoa habari mbaya. Kinga haiwaki kama taa, inachukua kama wiki mbili kukomaa. Wiki mbili! Na siku tatu nimeshazipoteza kwa ajili ya plasta!

Jumamosi, 22 Juni

Nimempakata!

Binti aliona tunavyopigana viwiko mlangoni, akatukalisha wote wawili kitandani, akamlaza mtoto juu ya mapaja yetu kwa pamoja. Kichwa kwangu, miguu kwa mkwe. Kichwa ndicho cha kwanza, kila mtu anajua. Mkwe anabisha. Mtoto kanitazama muda mrefu, kisha kanicheulia maziwa shatini. Silifui.

Nesi kasema mwakani anakuja tena, chanjo hii ni ya kila mwaka. Nimeshajiandaa. Nimeficha plasta mbili kwenye ovaroli, moja yangu, moja ya mkwe. Tumekubaliana: mkono wa kushoto.

Na ile habari ya homa kunipisha njiani ni uongo. Mwaka jana mafua yalinilaza wiki mbili. Binti yangu alinilisha uji kwa kijiko, nami nikamwita mama, nikamwomba asiniache.