Bango la Mwanamke Mtafuna Vichwa

Bantama, Kumasi
Jumatano asubuhi

Kwa Bwana Twumasi, mwenye ukumbi wa video,

Pokea salamu za jirani yako Abena Frimpomaa, muuza wali wa kunde ubavuni mwa ukumbi wako. Tunaonana kila siku, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia au nitacheka, na yote mawili yataniharibia kesi.

Ni kuhusu bango jipya la filamu, lile alilochora Kwaku Dwomoh kwenye magunia ya unga, nawe ukalitundika juu ya mlango.

1. Yule mwanamke mwenye mbawa za popo, anayetafuna kichwa cha polisi, ni mimi. Mwanya ni wangu, kovu la shavuni ni langu, na kilemba cha njano ni changu. Nilipomuuliza Kwaku, alijibu bila kuweka kijiko chini: "Mama, kutwa nzima nakuona wewe. Nichore sura ya nani mwingine?" Alikuwa anakula wali wangu.

2. Niliingia kuitazama filamu, nijue angalau huyo mwanamke alikosewa nini. Bwana Twumasi, ni filamu ya Wachina wanaopigana kwenye theluji. Hakuna mwanamke. Hakuna hata popo. Nimeongezwa tu, kama pilipili.

3. Wateja wamebadilika. Zamani walibishana nami juu ya ukubwa wa samaki. Sasa wanapokea walichopewa, wanashukuru, wanaondoka wakinitazama mdomo. Mchungaji alikuja kuniombea, akala, akaondoka bila kuomba.

4. Hili ndilo zito. Tangu mume wangu Nsiah afariki, mpwa wake Yaw Berko, ambaye kwa mila yetu ndiye mrithi, anataka nitoke kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu, mimi nikibeba maji, yeye akipanga matofali. Nimekosa usingizi kwa ajili ya nyumba ile. Juzi Berko alikuja na kaka zake kuniambia nihame. Walinikuta kibandani nakata nyama, bango likiwa juu yangu. Berko akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama kisu. Kisha akasema taratibu, "Mama, tulikuwa tunapita tu kukujulia hali." Wakaniachia viazi vikuu, wakaenda zao. Mimi, mjane na mwanakwaya, niogopwe na ukoo wa mume wangu? Mtu ashinde kwa haki yake, si kwa meno.

Kwa hiyo naomba bango lishushwe leo hii. Kwaku anichore upya nikiwa nimeshika Biblia, na Wachina wamepiga magoti. Watazamaji wakilalamika kwamba hayo hayamo kwenye filamu, waandikie Wachina wairudie, nami niwemo.

Nisalimie mkeo, watoto, mama mkwe, na fundi wa jenereta. Nimesikia homa imemwachia.

Ni mimi jirani yako, bila kinyongo,
Abena Frimpomaa

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha nikaletewa habari kwamba Berko anarudi Jumamosi na mzee wa ukoo wao, ambaye bado hajaliona bango. Tafadhali lisiguswe. Mwambie Kwaku aje leo na rangi, sahani yake ipo tayari. Jua limefifisha damu, na huyo mzee haoni vizuri: meno yaongezwe.